Karantini ya Barua Moja

Jumamosi iliyopita mlimwacha Mwenyekiti Riungu mdomo wazi, mkakunja gazeti, mkaenda zenu kunywa chai. Yeye chai hakuipata. Alibaki palepale nyuma ya kiti cha Shamima, macho yamekwama kwenye kompyuta, akisoma upya yale maneno mekundu:

BARUA MOJA IMEWEKWA KARANTINI.

Barua hakuiona. Moja hakuiona. Aliona neno la mwisho.

"Karantini!" akapiga yowe, mpaka wenye duka la dawa za mifugo kule chini wakatazama dari.

Msomaji wangu, kama wewe umezaliwa mahali wanapokula samaki, usicheke. Hapa Meru neno hilo si la mchezo. Karantini ni ile siku ugonjwa wa miguu na midomo unapoingia. Soko la mifugo linafungwa, polisi wanasimama barabarani kutafuta kwato, na mwenye bucha anakaa mlangoni akingoja nzi ambao nao wameshahamia kwa mwenye samosa. Na Riungu ni mwenyekiti wa Ushirika wa Nyama Safi, ofisi yake ghorofani pale Makutano. Kumwambia mwenyekiti wa nyama "karantini" ni kama kumwambia bwana harusi "bibi harusi haonekani."

"Mwenyekiti, ngoja nikueleze," alisema Shamima, binti anayeshughulikia kompyuta za ushirika. "Hiyo ni barua tu. Ni antivairasi ndiyo ime—"

"Vairasi!"

"Anti. Anti-vairasi. Ni kinga ya—"

Lakini Riungu alikuwa ameshapata maneno mawili, na mkubwa akishapata maneno mawili, la tatu la nini? Aliteremka ngazi ameshika kofia, na kabla hajafika chini alikuwa amejirekodi kwenye simu na kutuma sauti kwa kundi la WhatsApp la wanachama.

"Wanachama, huyu ni mwenyekiti wenu. Karantini imeingia. Vairasi imeonekana, nimeiona mimi na macho yangu mawili. Nyama yoyote isitoke, mbuzi yoyote isiingie. Tuombe Mungu."

Akaongeza ile picha ya mikono miwili inayosali.

*

Sauti hiyo ilimkuta Jamaldin machinjioni akinoa kisu.

Jamaldin ndiye mkuu wa wachinjaji. Kisomo chake kiliishia pale karo ilipoishia. Mke wake Safiya alikufa akimwachia nyumba ya Kinoru na mtoto mmoja wa kike, na mtoto huyo ndiye Shamima. Kwa hiyo usishangae kwamba mzee huyu alikuwa na vitu viwili tu vya kujivunia duniani: kisu chake, na binti yake anayejua kompyuta, aliyemwekea hata barua za ushirika kwenye simu yake.

Asubuhi hiyo mbuzi wa Mitunguu walikuwa wameshachinjwa, wameshakaguliwa, wameshagongwa muhuri, wananing'inia wakingoja pikapu ya Mama Rwamba kutoka Embu. Mama Rwamba analisha harusi, matanga na hoteli za huko. Hii ilikuwa shehena yake ya kwanza. Akiipenda, atanunua kila wiki na machinjio yatapumua. Asipoichukua, nyama itaharibika jioni, kwa sababu chumba cha baridi ambacho viongozi walituahidi wakati wa kura mpaka leo kinahifadhiwa mahali salama, yaani mdomoni mwao.

"Mzee Jamal, karantini!" vijana wa kuchuna wakamwambia, huku wameshavua aproni.

"Nani kasema?"

"Mwenyekiti."

"Basi bado hatujui," akasema Jamaldin.

Akafuta kisu, akakichomeka, akaanza kupanda kwenda ofisini. Maana kanuni yake ilikuwa moja: neno likitoka juu, lipime kwanza, kama nyama ya mtu usiyemjua.

Alipofika Makutano akasimama. Bucha ya Khalifa ilikuwa wazi, lakini kwenye ndoano, mahali pa mapaja na mbavu, zilining'inia kabeji.

"Khalifa, nyama iko wapi?"

"Nyama gani? Mimi nauza mboga."

"Tangu lini?"

"Tangu ile sauti ya mwenyekiti."

"Na huo mguu unaotokeza chini ya gunia?"

"Huo ni wangu."

"Una kwato, Khalifa?"

Khalifa akausukuma mguu ndani kwa mguu wake mwingine. Halafu akashusha sauti, na utani ukamtoka usoni.

"Sheikh, wacha kunicheka mimi, kajiangalie wewe. Wanasema ni Shamima ameleta hiyo vairasi na akaifungia kwa mashine. Baada ya adhuhuri kuna mkutano wa wanachama pale machinjioni. Mwenyekiti anataka kumfuta kazi mbele ya watu."

"Kumfuta kwa kosa gani?"

"Kosa watalitafuta wakishamfuta. Wewe umeanza kuishi Meru leo?"

Jamaldin anajua kama unavyojua: mtu akifutwa kazi mezani, anatafuta nyingine. Akifutwa mbele ya wanachama wa Makutano, hata kazi ya kufagia stendi hapewi, maana ufagio nao utaulizwa kama una vairasi.

*

"Nieleze," Jamaldin alisema alipoingia ofisini, "na unieleze kama mtu wa visu."

Shamima hakuinua uso. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi lakini havikuandika kitu.

"Baba, unajua nyama haitoki machinjioni mpaka mkaguzi aipitie?"

"Najua. Anapasua ini kutafuta minyoo."

"Basi barua zetu zote zinapitia mashine inaitwa seva. Ni kama mlango. Mimi nimeweka mkaguzi hapo mlangoni, ndiyo hiyo antivairasi. Barua ikiwa safi anaigonga muhuri, inapita. Akiishuku, anaitenga kwa chumba chake. Hicho chumba ndicho kinaitwa karantini."

"Kwa hivyo mgonjwa ni barua."

"Ni barua."

"Mbuzi hawajui lolote."

"Mbuzi hawana hata anwani, baba."

Jamaldin akavuta kiti, akakaa, akacheka kwanza kidogo kwa niaba ya mbuzi. Halafu akauliza swali la mchinjaji:

"Na ndani ya hiyo barua kuna minyoo?"

"Inasema imetoka kwa Mama Rwamba. Imebeba kitu kimefungwa, kama mfuko ndani ya mfuko. Mtu akikifungua, kinaweza kufunga kompyuta zote za ushirika. Halafu kinajituma chenyewe kwa wanunuzi wetu wote, kwa jina letu. Kesho Isiolo wanalia, keshokutwa Nanyuki."

"Imetoka Embu kweli?"

"Sijui imetoka wapi," Shamima alisema upesi.

"Sasa hili neno karantini nani aliandika? Hukuweza kuandika neno lingine?"

"Ilikuwa Kiingereza. Mwenyekiti mwenyewe ndiye alisema nigeuze kila kitu kiwe Kiswahili, ili wanachama waelewe."

"Wameelewa," akasema Jamaldin. "Khalifa anauza kabeji."

Hapo simu ya ofisi ikalia. Shamima akaiweka kwa sauti kubwa.

"Halo, ni ofisi ya nyama?"

"Ni sisi, Mama Rwamba!" Jamaldin akaruka. "Habari ya Embu?"

"Embu tuko wazima. Ni nyinyi nasikia ni wagonjwa."

"Hatuna ugonjwa, mama."

"Nimesikia mwenyekiti wenu na masikio yangu. Hiyo sauti imefika Embu kabla dereva wangu afike Chuka."

"Mama, nisikilize. Iliyofungiwa ni barua. Si mbuzi."

Kicheko kikatoka kwenye simu, kicheko cha mama mnene aliyekaa vizuri.

"Barua?"

"Barua."

"Barua imewekwa karantini. Ilikuwa inakohoa?"

"Hapana, mama, ni ile ya kompyuta."

"Ama ilikuwa inachechemea? Mlitazama kwato?"

"Mama Rwamba, wallahi..."

"Wacha kuapa, mzee. Mimi nimenunua nyama tangu nikiwa msichana. Nimeambiwa mbuzi alikufa kwa kuruka ua. Nimeambiwa mbuzi alikufa kwa mawazo. Lakini barua? Kai! Hii ni mpya. Hata nimeipenda, nitawaambia wenzangu."

Shamima akasogea kwenye simu. "Mama, shikamoo. Ni mimi Shamima wa kompyuta. Leo asubuhi ulitutumia barua?"

"Marahaba. Barua ya nini na nina mdomo? Mimi nikitaka mtu namwita."

Jamaldin akapiga paja kwa furaha. "Umeona! Mkaguzi wako alisema kweli! Barua ni ya uongo!"

Ungedhani binti atafurahi. Shamima alifumba macho, akayafumbua, akaendelea kutazama kibodi. Jamaldin akajiambia ni uchovu. Wanaume tuna akili ya kuona mbuzi mgonjwa upande wa pili wa bonde, lakini mtoto wako akae mezani na wewe, huoni.

"Sikilizeni," Mama Rwamba akasema, na kicheko sasa kimekwisha. "Pikapu yangu nimeisimamisha Chuka. Daktari wa mifugo anipigie, aniambie kwa mdomo wake kwamba karantini imeondolewa. Akisema, gari linakuja. Asiposema, linageuka, na mimi na nyinyi basi. Siwezi kupeleka kwa harusi nyama ambayo watu wameiombea kwa WhatsApp."

Akakata.

*

Bahati, au mkosi, daktari wa mifugo alikuwa tayari anapanda ngazi. Riungu alikuwa amemtoa ofisini kwake kwa mkono.

Daktari Kithaka ni mtu mrefu mwenye viatu vya gambuti safi sana. Aliingia, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyo hapo," Riungu akaonyesha kompyuta.

Kithaka akaizunguka polepole, kama anayetafuta miguu yake ya nyuma. Shamima akamweleza yote, mkaguzi, mlango, chumba. Daktari akaelewa, na alipoelewa akaanza kutikisika mabega, halafu tumbo, halafu akalazimika kushika meza.

"Riungu! Umenitoa kwa ng'ombe anayezaa nije kutibu barua?"

Hapo ndipo Mwenyekiti Riungu alipoelewa. Jamaldin alimwona akielewa. Kulianzia masikioni, yakawa mekundu. Kukashuka shingoni. Mkono ukaenda mfukoni kwenye simu, ukaigusa, ukaiacha kama kaa la moto, kwa maana ile sauti ilikuwa imeshasikika kutoka Maua mpaka Embu, na maneno ya WhatsApp ukiyafuta yakiwa yameshasikika, ndipo watu huuliza umefuta nini.

"Sawa," Riungu akasema, akikohoa. "Sawa. Ni jambo dogo. Daktari, mpigie huyo mama, mwambie karantini imeondolewa."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haikuwekwa. Karantini huondolewa ikiwa ofisi yangu iliitangaza. Mimi sikutangaza. Serikali itaondoaje kitu hakipo?"

"Basi mwambie haipo," akasema Jamaldin.

"Ofisi yangu hutangaza vitu vilivyopo, mzee. Nikianza kutangaza visivyokuwepo nitamaliza lini?"

Jamaldin akafikiri. Pikapu iko Chuka. Nyama iko kwenye ndoano. Jua halina mwenyekiti, halingoji kikao.

"Basi iweke," akasema.

"Niweke nini?"

"Karantini. Iweke sasa hivi hapa, ukimaliza uiondoe, umpigie mama."

Nawaambia ukweli, Daktari Kithaka alitamani. Alisimama akipima jambo hilo kama mtu anayepima koti dukani.

"Kuweka ni rahisi," akasema. "Naweza kuweka hata kabla chai haijapoa. Lakini kuondoa, lazima damu ya mgonjwa ipelekwe maabara, majibu yarudi."

"Hata kama mgonjwa ni barua?"

"Hapo ndiyo shida kabisa. Damu yake tutaitoa wapi?"

Akavaa kofia yake, akawapa mkono wote, akateremka akicheka peke yake mpaka barabarani. Hao ndio tunaowalipa mishahara. Ukitaka wafunge kitu, wana kufuli mfukoni. Ukitaka wafungue, ufunguo uko Nairobi.

*

Riungu akafunga mlango. Sauti yake ikawa laini, na sauti ya mkubwa ikilainika, mwenzangu, shika mfuko wako.

"Mzee Jamal. Shamima, mwari wangu. Sisi ni watu wa nyumba moja. Nimepata njia."

"Njia gani?"

"Mama Rwamba hataamini kwamba mwenyekiti alikosea. Na kusema kweli, mwenyekiti hakosei. Mwenyekiti hupotoshwa." Akamgeukia binti. "Wewe utasimama mbele ya wanachama, useme ulinidanganya. Useme hakuna karantini yoyote, uliitunga. Mama atasikia kwa simu. Gari litatoka Chuka. Nyama itaenda, vijana wa baba yako watakula."

"Na mimi?" Shamima akauliza.

"Wewe ni kijana. Utapata kazi mbele."

"Mbele wapi, Mwenyekiti? Mbele ya wanachama wote?"

"Halafu," Riungu akaendelea, kama hakusikia, "kabla ya mkutano uifungue hiyo barua, tuone imesema nini. Isije ikawa tumefukuza mteja bure."

"Barua sifungui."

"Nimekuamuru."

"Hata uniamuru na tarumbeta. Sifungui na hutaisoma."

Jamaldin alimtazama binti yake kwa mshangao. Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa ya Safiya, ile siku alipokataa kuuza shamba la mama yake. Lakini Safiya alikuwa akikutazama machoni akisema hapana. Huyu alikuwa akitazama sakafu.

Riungu akafungua mlango. "Chagueni. Ama asimame aseme alidanganya na mbuzi ziende. Ama akatae, mbuzi zioze, na bado nimfute."

Wakabaki wawili. Jamaldin akahisi kisu kiunoni kizito kama jembe. Miaka yote, kila Idd, amechinja akikumbuka Nabii Ibrahimu, jinsi alivyoletewa kondoo ili mtoto aachwe. Leo Ushirika wa Nyama Safi umegeuza kisa: mtoto atolewe ili mbuzi wapite.

"Usiseme," akamwambia. "Wacha nyama ioze. Vijana wangu wana migongo, watabeba mizigo. Jina lako halibebeki na mtu mwingine."

"Baba..."

"Usiseme ulidanganya na hukudanganya! Mimi nitasimama. Nitasema nani mwenye makosa, hata wanifute mimi kwanza."

Shamima akazima kioo cha kompyuta.

"Baba, leo usiongee kwenye mkutano," akasema mwishowe. "Tafadhali. Kaa kimya tu."

Sasa nani amewahi kumwambia Jamaldin akae kimya na akakaa?

*

Wanachama walijaa ua wa machinjio, wengine kwenye mabenchi, wengine juu ya kreti. Jamaldin alichukua nafasi ya mwisho kabisa, mgongo kwenye ukuta, ili asikae na wakubwa. Khalifa alikuja na kabeji moja mkononi, kama ushahidi. Riungu aliweka simu juu ya meza.

"Mama Rwamba, unatusikia?"

"Nawasikia. Dereva amewasha injini. Bado hajajua aelekeze wapi."

"Wanachama," Riungu akaanza, "leo tulipata taarifa ya karantini. Mimi kama kiongozi nilichukua hatua haraka. Kumbe taarifa ilikuwa na kasoro. Na kasoro haikuwa yangu."

Kicheko kikatoka nyuma. Jamaldin akasimama.

"Ilikuwa ya nani?"

"Mzee Jamal, hujapewa ruhusa."

"Nimejipa! Aliyetuma sauti ni nani? Ni Shamima? Aliyeita daktari aje kupima kompyuta ni nani? Ni Shamima?" Watu wakaanza kupiga makofi. Utamu ukamwingia mzee. "Huku kwetu kosa ni kama mvua. Linanyesha kwa paa la mkubwa, linateremka kwa mfereji, linamlowesha aliye chini! Leo hapana! Kuna mtu ametuma barua ya sumu kwa ushirika huu kwa jina la Mama Rwamba. Huyo ndiye mwenye makosa! Atafutwe, atajwe! Awe ni mkubwa wa wapi, awe ni nani, atoke hapa leo na asirudi!"

"Atoke!" wakaitikia.

"Asirudi!"

"Asirudi!"

Hata simu ikasema, "Atoke!"

Riungu akajifuta jasho. Kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, wanachama walikuwa wamekubaliana jambo. Akamnyooshea Shamima mkono, haraka, kabla hawajakubaliana la pili.

"Sema, mwari. Ulidanganya au hukudanganya?"

Shamima akasimama mbele ya meza. Nyuma yake nyama zilining'inia safi, kila moja na muhuri wake. Alikunja ncha ya mtandio kwenye kidole, akaukunjua.

"Ni kweli," akasema. "Nilidanganya."

Jamaldin akakaa bila kujua amekaa.

"Mmesikia!" Riungu akaruka. "Mama Rwamba, umesikia? Amekiri! Hakuna karantini!"

"Sijamaliza," Shamima akasema.

"Umemaliza!"

"Mwache amalize," simu ikaamuru, na Riungu akaiogopa simu.

"Karantini ipo," Shamima akasema. "Ni ya barua, imo ndani ya seva, na nyama hii haina ugonjwa wowote. Hapo sikudanganya. Nilidanganya niliposema sijui barua imetoka wapi. Najua. Nimejua tangu asubuhi. Haikutoka Embu. Imetumwa kwa simu ya mtu wa ushirika huu, labda bila yeye kujua, kwa anwani ya ushirika huu. Ndiyo sababu nilimkatalia Mwenyekiti kuifungua. Jina la mtu huyo liko pale chini yake."

"Yuko hapa?" Khalifa akauliza, kabeji kifuani.

"Yuko hapa."

Watu wakaanza kutazamana. Riungu akatazama viatu vyake, halafu akatazama mlango, na Jamaldin akaliona hilo, roho yake ikarudi mahali pake na nyingine juu yake. Kumbe binti alikuwa ameshika kisu muda wote! Kumbe alikuwa akingoja watu wajae!

"Mtaje!" akapaza sauti kutoka nyuma. "Mtaje, mtoto wangu! Usiogope mkubwa yeyote!"

"Baba, nilikuomba unyamaze."

"Sinyamazi! Mnyooshee kidole watu wamwone!"

Machozi yalikuwa yameanza kumshuka Shamima. Akainua mkono. Kidole kikampita Mwenyekiti Riungu, aliyeshusha pumzi kama gurudumu lililotobolewa. Kikampita Khalifa na kabeji yake. Kikapita benchi la kwanza, la pili, kreti zote, watu wakiinama kukikwepa, mpaka kikafika nyuma kabisa, kikasimama.

Jamaldin akageuka upesi kumwona huyo mshenzi aliyekaa nyuma yake.

Nyuma yake kulikuwa na ukuta.